Pimamaji

Fundi Thembo alikuja na pimamaji yake,
kipovu kimoja cha hewa kikiogelea ndani ya kioo.
Akailaza juu ya kozi ya pili, akafumba jicho:
"Imetulia. Kesho tunapandisha ukuta."
Mama akasema, "Bado."

Ilikuwa Kasese, chini ya barabara ya Kilembe,
pale Nyamwamba anapopita kama jirani mwenye adabu
miezi kumi. Miwili iliyobaki
hatujui huwa amekunywa nini.

Mawe tuliyojengea ni yale aliyotuletea mwenyewe
usiku alioingia bila hodi,
akabeba mbuzi wawili na cherehani ya Mbambu,
akatuachia uwanja mzima wa mawe, kama fidia.
Fundi hakuyapenda.
"Jiwe la mto limefundishwa kuteleza.
Halina meno. Saruji italishika wapi?"
Nikakaa wiki nzima na nyundo,
nikiyapasua yaote meno.

Mimi, kusema kweli, nilitaka mabati.
Yale mekundu, yanayoonekana kutoka stendi.
Nani amewahi kusifiwa kitako cha nyumba?
Mgeni hutazama paa, hutazama vioo,
hupapasa mbao za mlango;
sijaona aliyeinama
kukisalimu kilichobeba vyote.
"Mama, tunazika pesa."
"Kinachozikwa ni msingi," akasema,
"na mimi nimeshazika vya kutosha.
Hiki kinabaki juu, kikione kinachokuja."

Kisha akavua kandambili,
akasimama ubavuni mwa ukuta, unyayo mtupu
palepale jiwe la kwanza linapotoka ardhini,
akaweka kiganja chini ya kitovu.
"Yalinifika hapa.
Na nduguyo nilikuwa nimemwinua juu ya kichwa."

Fundi akautazama ule mkono.
Akaitazama pimamaji yake, akailaza mchangani.
Akatoa penseli nyuma ya sikio,
akachora mstari kufuata kidole cha mwisho.
"Kozi tano," akasema. Basi.

Ile ya kioo inajua maji yakilala.
Ya mama ilijua yakisimama yanafika wapi.

Juu ya kozi ya tano tukatandika nailoni nyeusi,
maana unyevu hupanda kama deni, kimyakimya,
unashtukia umefika kwenye picha za ukutani.
Mvua ikapiga ardhi, tope jekundu likaruka,
likaishia kwenye mawe;
ukuta ukabaki msafi, kama mwanamke
aliyepandisha gauni kidogo akavuka dimbwi.
Paa? Mabati yaleyale ya zamani,
matundu ya misumari tumeyaziba kwa lami.

Mwezi wa tano akaja.
Akalamba kozi ya kwanza, akalamba ya pili,
kwenye ya tatu akasita, akafikiri.
Tuliketi ndani na taa ya sola
tukiyasikia mawe ya nje yakibingirika gizani,
yakigonga ndugu zao waliomo ukutani,
yakiwaita.
Yetu hayakuitika.

Sasa magoti ya mama hayazipendi ngazi tano.
Akishashuka asubuhi hapandi tena hadi jioni.
Fundi aliacha ukingo, upana wa shubiri moja na nusu,
kitako kikatokeza mbele ya ukuta;
hapo ndipo anapokaa kitako,
akichambua maharage, mgongo kwenye matofali.
Wapitao humtania: "Kabugho, nyumba yako imekushinda kupanda?"
"Nimeshapanda," anajibu,
na maharage mabovu anayarusha upande wa mto.

Ng'ambo ya njia Bwambale anajenga.
Mabati ya buluu yameshafika, yamefunikwa turubai.
Kozi zake ni mbili.
Siku tatu mama amezihesabu bila neno.
Leo kaniita:
"Nenda kamwambie apime kwa mkewe.
Yeye ni mrefu mno, hatajua."